Miche ya Mstari wa Mbele

Vibarua hawakukosea miche. Kwa miaka sita nimesema walikosea. Nimewaambia majirani wa Heru Juu, nimemwambia dada yangu wa Kibondo, nimemwambia katekista aliyekuja kuniuliza kwa upole kama nina jambo la kusema. Nimeliambia hata shimo la takataka nyuma ya nyumba yangu mjini Kasulu, siku niliyokuwa nafanya mazoezi ya kulisema bila kigugumizi. "Vibarua walichanganya miche." Ni sentensi nzuri. Ina watu ndani yake, ina kosa, na mimi simo.

Walipanda nilichowaambia wapande, mahali nilipowaambia. Mmoja wao, mwanamume mkimya aliyevaa kofia ya sufu hata juani, aliinua mche wa mkaratusi, ambao kwetu huitwa mlingoti, akaufikicha jani, akaunusa.

"Mama, huu ni mlingoti. Na hapa ni kwenye maji."

Nikamwambia najua hapa ni wapi.

"Maji yatahama," akasema.

Nikamjibu kwamba nimemwita kuchimba mashimo, si kutabiri. Mwenzake akacheka, nami nikafurahi. Mtu anayeishi kwa kuandika makala hapati wa kumchekea kila siku.

Shamba la mama linashuka kutoka barabara ya vumbi hadi bondeni. Juu kuna nyumba, kuna migomba, kuna mihogo na maharage kwa msimu wake. Kule chini kabisa ardhi inageuka. Unakanyaga, mguu unazama, na ukiuvuta unatoa sauti ambayo utotoni ilitufanya tucheke mpaka tuchapwe. Hapo ndipo palipokuwa na jicho la maji, na kulizunguka, magimbi ya mama, yenye majani mapana tuliyojifunika mvua inapotukuta. Maji yale hayakukoma kwetu. Yaliteremka polepole kwenye nyasi hadi shamba la jirani wa chini, yakajaza kisima chake, na kiangazi watu wa kitongoji walikwenda kuchota hapo.

Jirani huyo ni mjane, umri mmoja na mama. Marehemu mume wake na marehemu baba walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo yeye na mama waliitana "mke mwenzangu" na kutukanana ipasavyo. "Mke mwenzangu, bado hujafa?" "Nitakufaje nikuachie magimbi?" Alikuwa akipanda maharage kiangazi pembeni ya kisima, wakati sisi wengine tunanunua.

Mama alianza kupoteza macho akiwa na miaka sabini na kitu. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Alisema "tumechelewa" kwa heshima, akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika faili. Mama hakulia. Alifunga kamba kutoka mlango wa jikoni hadi kule chini, kutoka mti hadi mti, akawa anashuka akiishika kama mtu anayefuata ng'ombe. Magimbi aliyapalilia kwa vidole.

Nilimwomba aje kukaa kwangu mjini. Nilimwomba kwa barua aliyosomewa na katekista, kwa simu, na ana kwa ana nikiwa nimebeba mkate na sukari. Nina nyumba yenye vigae, choo cha kukaa, na mtu wa kupika. Alisikiliza yote hayo akitafuna.

"Nitaondoka magimbi yakiondoka," akasema.

Kisha akaanguka. Kamba ilikatika asubuhi moja akiwa kule chini, akapoteza mwelekeo, akakaa kwenye tope mpaka jua la adhuhuri, akiita. Mke mwenzake ndiye aliyemsikia. Alimwogesha, akamvalisha nguo zake, ndipo akanipigia simu. "Binti, mama yako nimemchota kisimani leo," akaniambia. Kesho yake niliingia dukani mjini kununua betri, na mwenye duka, mtu wa mwambao aliyekwisha kuzeekea Kasulu, akaniwekea betri mezani bila kuondoa mkono wake juu yake.

"Pole dada yangu. Nimesikia habari za mama."

"Ahsante. Hajambo sasa."

"Alhamdulillahi. Lakini dada, msomi kama wewe, mama anaachwa namna ile?"

Ningependa kuandika kwamba nilichofanya baadaye kilitokana na huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini niliyekuwa nikimfikiria barabarani wakati narudi nyumbani, nikiwa na betri mkononi, alikuwa yule mwenye duka.

Msimu huohuo wa mvua, mkuyu mkubwa uliokuwa umelifunika jicho la maji ulianguka kwa upepo. Mama alisikia ukianguka. Siku mbili baadaye akaniita.

"Sehemu ile inahitaji miti. Jua likipiga maji uso, maji yanarudi ardhini. Wewe umesoma. Kanichagulie miti."

Alikuwa na namna yake ya kuchagua mti wa mahali penye maji, ambayo sijaisoma kwenye kitabu chochote. Unachimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko na kuliacha lilale. Asubuhi unaingiza mkono. Maji yakifika kwenye vidole tu, panda mkuyu. Yakifika kiganjani, panda mzambarau mwitu, ule unaosimama mtoni bila kuoza. Yakipita kifundo cha mkono, usipande mti, panda magimbi umshukuru Mungu. Tulichimba mashimo kumi na mbili, mimi nikiwa na buti za mpira, yeye peku. Asubuhi alipiga magoti kwenye kila shimo na kutumbukiza mkono wake.

"Mzambarau," akasema. "Mkuyu. Mzambarau. Hapa acha. Mkuyu."

"Na mparachichi, mama? Mti wa matunda."

"Mparachichi ni kama mtoto wa mjini. Ukiloa nyayo tu, unakufa." Alisema hivyo akiwa ameelekeza uso wake upande wa buti zangu.

Nilikwenda Kibondo kutafuta miche, kwa sababu nilisikia kule kuna kitalu kizuri karibu na barabara ya Nduta, na kwa sababu dada yangu anakaa kule na ningelala kwake bure. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Aliishia darasa la saba ili mimi niendelee, jambo ambalo hajawahi kulitaja, na mimi nimelitaja mara nyingi katika maandishi yangu kwa namna inayonipendeza. Anauza maharage na mafuta ya mawese sokoni. Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma, haina plasta, na nyuma kuna banda la mbuzi.

Mwenye kitalu alikuwa mtu aliyetokea Kongo miaka mingi iliyopita. Alinipitisha katikati ya mistari ya vifuko vyeusi.

"Mama, hii iko ya mayi," akasema akigusa mizambarau. "Inatunza mayi. Na ile kule iko ekaliptisi. Ile inakunywa. Inakomea mbiyo, inakuwa mukubwa. Unapenda kubakisha mayi ao kumaliza mayi?"

Kubakisha maji au kuyamaliza: sijawahi kuulizwa swali la wazi namna ile katika maisha yangu, si chuoni, si kanisani. Nilisimama pale nikijifanya naangalia mizizi. Nilikuwa na orodha ya mama kichwani: mikuyu minne, mizambarau saba. Nilikuwa pia na picha ya mama kwenye kochi langu, amevaa soksi, anasikiliza redio, na wageni wangu wanamwamkia. Magimbi yakiondoka, ataondoka. Alikuwa amenipa mwenyewe kipimo cha kumng'oa.

"Nipe mizambarau sita," nikasema. "Na ekaliptisi arobaini."

"Merisi," akashukuru, akaanza kuhesabu bila kuniangalia.

Dada aliiona miche nyuma ya gari. "Hii milingoti ya nani?"

"Ya shule moja. Wameniomba."

"Mama amesema mikuyu."

"Mikuyu imekwisha, dada. Nimechukua mizambarau."

Aliigusa mizambarau sita kwa kidole. "Kidogo," akasema. Akaenda kufunga mbuzi.

Sasa nieleze ufundi wenyewe, maana ulikuwa ufundi. Mizambarau sita niliipanda mstari wa mbele, pale kamba na magimbi anayopalilia vilipoishia, umbali wa mkono wa mama. Nyuma yake, kulizunguka jicho lote la maji hadi mpakani, mikaratusi arobaini. Mama, niliyekwisha kumwambia mikuyu imekwisha kitaluni, aliteremka siku ya tatu. Akanyoosha mkono, akashika jani la mzambarau, akalipapasa kingo, akalivunja, akaonja utomvu kwa ncha ya ulimi. Akahamia wa pili. Akahamia wa tatu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kama mwanafunzi anayesubiri karatasi yake. Alipomaliza wa sita, akatabasamu. Nilikuwa sijaona tabasamu hilo tangu faili la hospitali.

"Umechagua vizuri," akasema.

Kisha upepo ukageuka.

"Nani amejipaka dawa ya kifua?"

"Mimi, mama. Nina mafua."

"Pole. Ukifika nyumbani unywe tangawizi."

Tangu siku hiyo nikawa na mafua. Kila nilipokwenda Heru Juu nilikuwa na mafua. Nilinunua dawa ya kujipaka, ile yenye harufu kali ya majani ya mkaratusi, nikaibeba mkobani kama leseni, na kabla ya kushuka kwenye bodaboda nilijipaka shingoni. Mwaka wa pili mama alianza kunitengenezea asali yenye kitunguu. Mwaka wa tatu alimwomba katekista aniombee mapafu. Ninajua kwamba hili linachekesha. Nimelisimulia kwenye karamu kama kisa cha mtu mwingine, na watu walicheka sana.

Mwaka huohuo wa tatu niliandika makala ndefu gazetini kuhusu watu wanaopanda mikaratusi kwenye vyanzo vya maji. Niliwaita wauaji wa vijito. Ilisifiwa.

Mkaratusi kwenye maji haukui, unaruka. Mwaka wa kwanza ulinifika kifuani. Wa pili, ulilipita paa. Ardhi iliyokuwa ikitunyonya miguu ikawa ngumu, ikapasuka, nyasi laini zikafa na chini ya miti pakabaki majani makavu yanayolia ukikanyaga. Mama aliyasikia majani hayo. Nilimwambia ni ya mizambarau. Magimbi yakaanza kutoa vichwa vidogo kama ngumi ya mtoto mchanga, kisha kama yai. Mama alisema labda udongo umechoka. Akaleta majivu, akaleta samadi ya kuku, akamwagilia kwa ndoo kutoka bomba la barabarani, linalotoa maji wakati wa mvua tu, akishika kamba kwa mkono mmoja. Mimi nikasubiri. Kila nilipouliza magimbi yanaendeleaje nilijitahidi nisionekane na hamu.

Lililonishinda kulifikiria, ingawa nimefundishwa kufikiri kwa gharama za serikali, ni kwamba maji hayakuishia kwetu.

Kisima cha mke mwenzake kilipungua. Alikuja kwa mama. Mimi sikuwepo, mama ndiye aliyenisimulia, akiwa amekasirika.

"Amekuja kuniambia miti yangu inakunywa maji yake. Nikamwambia, mzambarau haujawahi kunywa maji ya mtu. Akaniuliza, mzambarau gani? Nikamwambia, ile uliyosimama mbele yake, au na wewe umekuwa kipofu? Akaondoka bila kuaga."

"Labda ni mabadiliko ya hali ya hewa, mama," nikasema.

"Labda ni wivu," akasema mama.

Mke mwenzake aliamini anachezewa. Mama aliamini anatukanwa. Watu wawili waliokuwa wakitukanana kwa raha miaka hamsini wakaacha kutukanana, na hapo ndipo ubaya ulipoanza. Hakuna aliyemwambia mama ukweli kwa sababu hakuna aliyedhani haujui. Waliona bibi anayeshuka kila siku kwenye msitu wake wa milingoti, akipapasa mizambarau sita na kusema ina afya. Wengine walisema amechanganyikiwa. Wengine walisema ni ujeuri wa mtu mwenye mtoto msomi. Walipunguza salamu. Kiangazi cha mwaka wa sita kisima kilikauka kabisa, watu wakawa wanatembea kwa maji mpaka bonde la pili, na mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao.

Nilikwenda. Ningeweza kutokwenda. Nilijipaka dawa, nikavaa viatu vyenye kisigino kidogo, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nilicholetewa, wakati watu wengine wamekaa kwenye magogo. Mama alikaa kwenye mkeka mbele, mgongo umenyooka.

Mwenyekiti, mwanamume mwenye sauti ya chini, alijaribu kuwa mwema. "Bibi, tunakuheshimu. Hakuna anayetaka ugomvi. Ila ile milingoti yako..."

"Milingoti ipi?" mama akauliza.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ukali, walicheka kama mtu anavyocheka akikanyagwa.

"Bibi, ile inayozidi mnara wa simu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Ile inayotutia kiu!" akasema mwingine.

"Nyamazeni," mwenyekiti akasema.

Mama aligeuza kichwa huku na huku akifuata sauti. "Mimi sina mlingoti hata mmoja. Nina mizambarau. Nimeishika kwa mikono hii." Akainua mikono yake. "Mwanangu ndiye aliyeipanda, na mwanangu yupo hapa. Mwanangu, waambie ulipanda nini."

Watu wote wakanigeukia. Kutoka pale tulipokaa, vilele vya mikaratusi vilikuwa vikionekana nyuma ya bega la mama, vinayumba. Mke mwenzake alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kwa makini, kama anavyotazama mtu chungu ambacho anasubiri aone kama kitapasuka.

Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi. Ningeweza kusema nilikosea. Ningeweza kuzimia, wanawake wa umri wangu huruhusiwa.

"Mizambarau, mama," nikasema.

Kicheko kikakatika. Ninaweza kuvumilia kuchekwa, ni sehemu ya kazi yangu. Lakini watu wale waliacha kucheka mara moja, wote, na wakatazama chini. Walikuwa wameelewa jambo ambalo miaka mitano hawakulielewa: kwamba mama hajui. Na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia, kwa sababu kumwambia kungekuwa kumvua nguo mbele za watu. Walinyamaza kwa ajili yake. Mimi nilinyamaza kwa ajili yangu, na kwa nje vilifanana.

"Mmesikia," mama akasema. "Leteni maji niape."

Upande wetu wa bonde, mtu akiapa kwa jambo la maji huyanywa mbele ya watu, maji yaleyale yanayogombewa. Ukisema uongo, wanasema, yatakuvimbisha. Mwenyekiti alisema haina haja. Mama akasema ipo. Mtu akasema kisima ni kikavu, maji ya kuapia hayapo. Mama akasema, basi leteni yoyote. Wakahangaika. Mwishowe mtu akakimbia dukani akaleta chupa ya maji ya kiwandani, akaifungua kifuniko, akamwekea mama mkononi. Mama aliipapasa ile chupa laini kwa mashaka, akaiinua, akasema kwa Kiha, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba kama kuna mlingoti kwenye ardhi yake, maji haya yamzuie pumzi. Akanywa. Akanywa mpaka nusu, akaifuta midomo, akairudisha chupa mbele yake bila kujua nani ataipokea.

Aliyeipokea ni mke mwenzake.

Kikao kikavunjika bila azimio. Watu waliondoka upesi, kama wanaotoka msibani kabla ya chakula. Mwenyekiti alinipita bila kunipa mkono. Nilikuwa natafuta mkoba wangu nilipoona mke mwenzake amemshika mama kiwiko.

"Twende chini," akamwambia.

"Kufanya nini?"

"Twende tu, mke mwenzangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo kwa miaka miwili, na mama akaenda. Niliwafuata kwa umbali. Visigino vyangu havikuzama popote. Ardhi ilikuwa ngumu kama uwanja wa shule. Walifika kamba ilipoishia. Mama akanyoosha mkono kuugusa mzambarau wa kwanza. Mke mwenzake akaushusha ule mkono, taratibu, akamvusha mstari wa mbele, hatua nne, tano, mahali ambapo mama hakuwa amefika tangu miche ipandwe, maana nilimwambia kuna miiba. Akaichukua mikono yake yote miwili na kuiweka kwenye shina.

Mama alilizungusha mikono lile shina. Lilikuwa nene, na laini, na gome lake lilikuwa linabanduka kwa vipande virefu. Alibandua kimoja. Akakinusa. Akasogea, akashika shina jingine. Na jingine. Alikuwa anahesabu, niliona midomo yake. Alipofika kumi na moja akaacha, akajifuta mikono kwenye kitenge chake, mbele na nyuma, kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo huna mafua," akasema. Alikuwa ananisemesha mimi, ingawa sikuwa nimetoa sauti yoyote.

"Mama, vibarua walichanganya..."

"Nimeapa," akasema. "Mbele ya watu."

Mke mwenzake akasema, "Hayakuwa maji yetu, mwenzangu. Yalikuwa ya dukani. Hayahesabiki." Nadhani hilo ni neno jema kuliko yote niliyowahi kusikia mtu akimwambia mwenzake, na lilisemwa nikiwa nimesimama pale kama kigingi.

Mama alimwambia mke mwenzake ampigie dada simu. Dada alikuja kesho yake kutoka Kibondo kwa gari la abiria, akafunga nguo za mama kwenye kitenge, akaniuliza swali moja tu.

"Ile shule ilipata miti yake?"

"Vibarua walichanganya, dada."

"Haya," akasema.

Nilijiambia kwamba mama amekwenda Kibondo kupumzika. Kwa mtazamo finyu, mpango wangu ulikuwa umefaulu. Magimbi yalikuwa yameondoka, naye alikuwa ameondoka, na mtu wa neno lake kama mama hawezi kurudi kuishi kwenye ardhi kavu. Angepoa, kisha angekuja kwangu. Nikaandaa chumba. Nilifunga chuma ukutani bafuni cha kujishikia. Nilinunua kitanda cha chini, nikatoa mkeka wa mlangoni asije akajikwaa. Nilivuta kamba kutoka chumbani kwake hadi chooni, nikiifunga kwenye vitasa, nikayafunga macho yangu kwa mtandio na kuijaribu mwenyewe. Niligonga kabati mara mbili. Nilituma ujumbe kwa dada kila Jumapili: *Mama anaendeleaje? Chumba kiko tayari.* Dada alijibu: *Hajambo.* Miezi mitatu, *hajambo* kumi na mbili.

Yule mwenye duka aliniuliza kama mama amekwisha hamia. Nikasema wiki ijayo, inshallah. Nikanunua redio.

Simu ilikuja Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa jikoni. Ilikuwa namba ya dada, lakini aliyezungumza ni mama. Mama huzungumza na simu kwa kelele, akiishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti.

"Kesho naondoka hapa," akasema.

Nilikaa kwenye kigoda. "Nitakuja kukuchukua, mama. Nakodi gari dogo. Chumba..."

"Usikodi. Nakwenda kwa mke mwenzangu. Nyumba yake iko chini, karibu na kisima. Maji yakirudi nitayasikia."

"Kukaa?"

"Kukaa. Shamba la kule chini nimempa. Mwenyekiti ameandika, karatasi ikaletwa huku, nimeweka dole gumba. Ijumaa watu wa kitongoji wanakuja kukata miti yako. Wataacha ile sita."

Alisema "miti yako" bila mkazo wowote, kama anavyosema mtu "mbuzi wako ameingia kwangu".

Ndipo nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nilichanganyikiwa, na mtu wa aina yangu akichanganyikiwa huanza kufundisha. "Mama, kukata tu hakutoshi," nikasema. "Mikaratusi huchipua kwenye visiki. Ukiikata leo, mwaka kesho ipo mitatu kwa kila kimoja."

Nikasikia mbuzi wa dada.

"Kumbe jina lake unalijua," mama akasema.

Miaka sita, na ilikuwa mara ya kwanza nimelitamka mbele yake. Nilifungua mdomo kusema habari za vibarua na nikakuta hawapo, wamekwenda zao, na wana haki.

"Nalijua," nikasema. "Niliichagua mimi. Nilitaka maji yakauke ili uje kwangu."

"Endelea," akasema mama.

"Nilikuwa naogopa utaanguka tena. Na watu walikuwa wanasema..."

"Endelea ya visiki. Vinauawaje?"

Nikaeleza. Nilieleza kwamba unakata chini kabisa, sawa na ardhi. Unabandua gome la kisiki kuzunguka, mpaka chini ya udongo. Unafukia. Kila kinachochipua unakivunja kingali kichanga, kwa mkono, kila wiki, usikiachie hata kimoja kufika gotini, na utafanya hivyo misimu miwili, pengine mitatu, ndipo mizizi itakapochoka. Sauti yangu ilikuwa thabiti. Nimehutubia mikutano kwa sauti mbaya kuliko ile. Mama alisikiliza bila kunikatiza, na kila baada ya sentensi alisema "ego", ndiyo, kama alivyokuwa akimjibu mganga wa mifugo.

"Umesikia?" akamwambia dada. "Andika. Gome mpaka chini ya udongo. Kila wiki."

"Mama, naweza kuja Ijumaa. Nije kusaidia kuvunja machipukizi. Nije kila wiki."

Simu ikachakarishwa, ikahama mkono. Nilisikia wakizungumza kwa Kiha, sauti ya mama chini, ya dada chini zaidi. Kisha dada akaja hewani.

"Mama anauliza kama kuna mengine."

"Mwambie nataka kuja."

Dada akaenda, akarudi.

"Amesema kama ni ya miti, sema, niandike. Kama si ya miti, atakuita."

Nilifikiri kwa haraka, nikitafuta chochote kuhusu miti.

"Si ya miti," nikasema.

"Haya," akasema dada, na akakata.